Tyubu Kumi na Mbili za Maziwa

Maabara ilikuwa katika nyumba ya kawaida ya kuishi, huko Uthiru, pembeni mwa jiji, nyuma ya ghala la chakula cha mifugo. Sebule ilikuwa ofisi, jikoni palikuwa pa kuoshea vyombo, na chumba cha kulala cha nyuma kilikuwa na meza ndefu, friza, na mashine chache zilizofunikwa kwa plastiki. Mwenye nyumba alikuwa daktari wa mifugo aliyestaafu. Sote tulimwita Daktari tu. Aliwapimia wakulima maziwa na kinyesi cha ng'ombe, na chumba cha nyuma alikuwa amempa mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu afanyie utafiti wake. Mimi niliajiriwa kuosha vyombo vya wote wawili.

Nilikuwa nimetoka kuuza viatu vya mitumba kando ya barabara mjini. Kabla ya hapo nilisuka nywele mtaa wa Satellite, nikalea watoto wa watu mtaa wa Woodley, nikakata na kuunga kanda za video za harusi katika studio moja River Road. Shule niliacha kidato cha pili kwa sababu hapakuwa na mtu wa kubaki na wadogo zangu nyumbani. Baadaye ningeweza kurudi, lakini nilikuwa nimeshazoea kuondoka. Nikikaa mahali mpaka nijue kila kitu kinavyofanyika, miguu huanza kuniwasha.

Pale Uthiru haikuniwasha upesi. Kila nilipoelewa kitu kimoja, chini yake palikuwa na kingine.

Mwanafunzi alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mtoto wa mwalimu, kutoka upande wa Vihiga. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kuinama kidogo anapoongea na mtu mkubwa. Mimi aliniita siz, yaani dada. Mimi nilimwita Profesa, kwa kumchokoza, mpaka siku moja Daktari naye akamwita hivyo kwa kusahau.

"Unaosha ama unasoma?" aliniuliza wiki ya kwanza, aliponikuta nimesimama mbele ya karatasi aliyoibandika ukutani juu ya sinki.

"Nangoja maji ijae. Hii ni nini?"

"Ni jedwali la kusoma jeni."

"Basi nisomee."

Alidhani natania. Nilizima mfereji nikamwangalia. Akavuta stuli.

Alianza na ng'ombe, kwa sababu utafiti wake ulikuwa wa ng'ombe. Ng'ombe anapougua kiwele, mkulima huona maziwa yamekuwa na mabonge, na hapo amechelewa. Lakini seli za kiwele hujua mapema. Siku mbili au tatu kabla, huku maziwa bado ni meupe na mazuri, tayari zinaandaa vitu vya kujilinda. Yeye alitaka kujua zinaandaa nini.

"Si utazame DNA?" nilimuuliza. Hilo jina nililijua kutoka kwenye magazeti, kesi za watu kukana watoto.

"DNA haitaniambia. DNA ya huyo ng'ombe akiwa mzima na akiwa mgonjwa ni ile ile. Ya jicho na ya kiwele ni ile ile. Imefungwa ndani ya kiini cha seli na haitoki. Seli ikitaka kutengeneza kitu, inafungua hapo tu penye inataka, inanakili. Nakala ndiyo inatoka. Inaitwa RNA."

"Na ikishatoka?"

"Inasomwa, protini inatengenezwa, halafu nakala inavunjwa."

"Inavunjwa na bado ni nzuri?"

"Ndiyo kesho seli iweze kubadilisha mawazo," alisema. "Kama nakala ingekaa miaka, kiwele kingeendelea kupigana na ugonjwa ulioisha zamani."

Jibu hilo lilinikaa kichwani siku nzima. Nilikuwa nimefikiri mwili umeandikwa mara moja na kumalizwa, kama jiwe la msingi. Kumbe ndani mwangu, nikiwa nasugua chupa, kulikuwa na maandishi yanayonakiliwa na kuchanwa, kunakiliwa na kuchanwa, na mkono unaosugua ulikuwa ukitengenezwa upya kutokana na hayo.

Kesho yake niliuliza habari ya kukata. Alikuwa amesema kwa haraka kwamba nakala ikitoka tu haifai, kwanza hukatwakatwa na kuungwa, na sikuelewa kwa nini seli inakili kitu kisha ikitupe.

"Kwenye jeni kuna vipande vya maana, na katikati yake kuna vipande virefu ambavyo haviingii kwenye protini," alisema. "Inanakili vyote kwa mpigo. Halafu inakata vya katikati, inaunga vya maana. Mbele inaiwekea kofia, nyuma inaiwekea mkia mrefu, ndiyo isiliwe njiani. Hapo sasa inatoka kwenye kiini."

"Hiyo kazi nimefanya," nilimwambia.

"Kazi gani?"

"River Road. Harusi inarekodiwa saa sita. Watu wanakula, watu wanatafuta kiti, kasisi anakohoa. Mimi nilikuwa nakata zote, naunga zile za maana. Na kuna siku familia ya bibi arusi walitaka yao peke yake. Wakasema ya wale wengine imejaa wajomba wa bwana arusi. Kanda ni ile ile moja, nikatoa harusi mbili. Ukitazama hii, utafikiri bwana arusi ni yatima."

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaniangalia vizuri. "Unajua seli inafanya hivyo hivyo? Jeni moja. Ikikatwa hivi inatoa protini hii. Ikikatwa vile, inatoa nyingine."

"Na nani anaamua?"

"Hilo watu wamesomea maisha yao yote."

Lile jedwali la ukutani nilikuja kulijua kwa kichwa, kama mtu anavyojua nyimbo za kanisani. RNA ina herufi nne, na husomwa tatu tatu. Chombo kinachosoma kinaitwa ribosomu. Kinaanza kwenye A, U, G, na kila herufi tatu zinamwita mbebaji wake, naye anakuja na kipande kimoja cha asidi amino, kinaunganishwa kwenye mnyororo, anaondoka. Kuna alama tatu za kusimama. Nilikuwa naandika herufi kwenye kartoni ya sabuni na kuzisoma tatu tatu nikisuuza. Siku moja niliruka herufi moja kwa bahati mbaya, na kutoka hapo mpaka mwisho kila kitu kikabadilika, kisha nikagonga alama ya kusimama mahali pasipo pake. Nilimwonyesha. Akasema ng'ombe mwenye kosa kama hilo kwenye jeni ya maana huenda asizaliwe kabisa.

Sasa niseme shida ya kijana ilikuwa nini.

Maziwa ya utafiti aliyachukua kwa mama mmoja mzee, mkulima wa huko juu upande wa Kiambu, tuliyemwita Shosho, yaani nyanya. Ugonjwa wa kiwele uliingia katika boma lake ng'ombe mmoja baada ya mwingine, na kijana alikuwa akienda kila alfajiri kukamua pamoja naye, anaandika ni ng'ombe gani na ni asubuhi ya ngapi. Alitoka huko na tyubu arobaini, vichupa vidogo vya plastiki vyenye seli za maziwa ndani ya dawa ya kuzihifadhi, akazigandisha. Wale ng'ombe sasa wengine walikuwa wamepona na wengine wamechinjwa. Hakuna namna ya kumrudisha ng'ombe kwenye asubuhi iliyopita.

RNA yenyewe ni kitu dhaifu ajabu. Kabla ya kuitumia ni lazima uhakikishe haijakatika. Unaiweka kwenye kipande cha jeli, unapitisha umeme, kisha unaitazama kwa taa ya zambarau. Ikiwa nzima utaona mistari miwili iliyonyooka, wa juu ukiwa mzito kuliko wa chini. Hiyo mistari si ujumbe wenyewe. Ni RNA ya zile ribosomu, ambayo ni nyingi, na kama hiyo imesimama, ujumbe nao umesimama. Ikiwa imekatika, huoni mistari. Unaona ukungu tu, umeteleza mpaka chini.

Tyubu ishirini na mbili zilikuwa zimemtokea ukungu. Sita zilitoka na mistari safi, lakini zilikuwa za asubuhi ambazo ng'ombe walikuwa wazima. Zilibaki kumi na mbili. Hizo ndizo zilikuwa za siku chache kabla ya maziwa kuharibika, ndizo zilikuwa utafiti wenyewe. Msimamizi wake wa chuo alikuwa amemwambia alete RNA nzima kabla ya mwezi kuisha, la sivyo atafute mada nyingine na mwaka uanze upya. Alinieleza hayo akiwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye friza.

"Inakatwa na nini?" niliuliza.

"Kimeng'enya. Ni protini kazi yake kukata RNA. Iko kwa jasho, iko kwa mate, iko kwa ngozi ya kila mtu. Ukigusa tu kitu kwa kidole, umeiacha hapo."

Mimi nikasikia lawama. Vyombo vyake vyote vilipita mikononi mwangu. Siku hiyo nilichukua sufuria kubwa nikachemsha kila kitu nilichoweza kuchemsha: chupa, stendi za tyubu, ncha za plastiki za pipeti za kunyonyea dawa. Nikachemsha na maji yake ya kazi, dakika arobaini. Mimi nimelelewa nikijua kitu kilichochemshwa hakina neno. Maji ya mto, maziwa ya ng'ombe, nguo za mtoto mgonjwa. Nilimpangia kila kitu kwenye meza kikiwa kinatoa mvuke bado, nikajipa na heshima kidogo moyoni.

Alijaribu kwa maziwa ya kawaida, ya ng'ombe wa jirani. Ukungu.

"Umechemsha?" aliuliza.

"Mpaka sufuria imelia."

Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali. "Siz, hiyo kitu haiogopi maji moto. Protini ni mnyororo umekunjwa. Ukiichemsha, inakunjuka. Yai likikunjuka limekwisha, halirudi. Lakini huyu ana vifungo ndani ya mnyororo vinamshikilia. Maji ikipoa, anajikunja tena vile alikuwa. Anaamka anaendelea na kazi."

Nilikaa na aibu yangu kama dakika tano. Kisha nikamuuliza ni nini kinachomuua. Akasema chombo cha glasi kikae kwenye oveni kali sana kwa saa nyingi. Plastiki inunuliwe ikiwa safi, isiguswe. Maji yatiwe dawa maalum. Meza ipanguswe kwa dawa. Glavu mpya kila mara. Nilivifanya vyote, kimoja baada ya kingine, kwa wiki nzima, na sikumruhusu hata yeye kushika oveni. Akajaribu tena maziwa ya jirani. Ukungu.

Hapo nikaamua kwamba tatizo si chombo. Nilikuwa nimevipitia vyombo kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi. Nikamwomba daftari lake.

"Daftari la nini?"

"Nataka kuona zile sita zilifaulu siku gani."

Zilikuwa zote za wiki moja. Yeye alikuwa ameandika pembeni kwamba wiki hiyo alifungua dawa mpya, na aliamini ndiyo sababu, lakini chupa hiyo hiyo ya dawa ilikuwa imeharibu nyingine baadaye. Nilimuuliza wiki hiyo ilikuwaje. Akafikiri.

"Daktari alikuwa ameenda mazishi Murang'a. Ofisi ilifungwa. Nilikuwa na ufunguo, nikifanya kazi peke yangu."

"Peke yako kabisa?"

"Hata wewe ulikuwa hujaandikwa."

Mtu aliyeuza viatu mjini amejifunza kutazama mikono. Uso wa mteja na uso wa mwizi ni mmoja, lakini mikono huongea mapema. Nikamwambia kesho yake sitaosha kitu. Nitaketi kwenye kona na kuandika kila anachogusa.

"Utachoka," alisema.

"Wewe gusa, mimi niandike."

Alivaa glavu saa tatu kamili. Hakujikuna, hakushika simu, hakushika kitasa. Nikaanza kufikiri nimekosea. Kisha Daktari akaingia, kama kila asubuhi, akanyoosha mkono. "Habari ya asubuhi, kijana." Na kijana, kwa kuwa alikuwa na glavu, akafanya tunavyofanya sote mkono ukiwa na unga au sabuni au matope: akakunja vidole chini na kumpa Daktari kifundo cha mkono. Daktari akakishika, akakitikisa, akaenda zake.

Baada ya hapo wakulima wakaanza kuja. Pale hakuna mtu anayeleta maziwa yake na kuondoka. Anaingia sebuleni, anasalimia, anauliza kijana wa vipimo yuko wapi, anakuja mpaka mlangoni mwa chumba cha nyuma, ananyoosha mkono. Na kijana anainuka, anainama kidogo, anatoa kifundo. Niliandika watu kumi na saba kufikia saa sita. Vidole vyake havikuguswa hata mara moja, na yeye aliona hilo linatosha.

Lakini glavu za pale zilikuwa fupi. Zilikuwa zinateleza kutoka kwenye kifundo kila baada ya muda, naye alikuwa na tabia ya kuzivuta juu, mkono wa kulia ukivuta ya kushoto, wa kushoto ukivuta ya kulia. Anavuta kwa vidole viwili, hapo hapo kwenye ukingo ambapo watu kumi na saba wameshika. Halafu kwa vidole hivyo hivyo anafungua kifuniko cha tyubu.

Nilimsomea karatasi yangu yote. Alisikiliza akiwa ameshika kichwa.

"Mimi siwezi kumwangalia mzee na mkono wake uko hewani," alisema mwishowe. "Siz, hata nikitaka. Mwili wangu unainuka wenyewe."

"Najua. Kwa hivyo mimi ndiye nitakaa mlangoni."

Kwanza tulijaribu kwa maziwa ya jirani: siku moja na salamu, siku moja bila. Siku ya bila nilifunga mlango wa nyuma nikaketi nje yake kwenye stuli. Jioni, kwenye taa ya zambarau, siku ya salamu ilikuwa ukungu na siku ya bila ilikuwa mistari miwili. Tukarudia, kwa sababu alisema mara moja si kitu. Ikawa vile vile.

Aliyebaki ni Daktari. Nilimfuata ofisini.

"Daktari, kuanzia kesho watu wasimsalimie kijana kwa mkono. Siku nne tu. Tyubu tatu kila siku."

"Hapa si jeshini," alisema. "Watu wamezoea. Mkulima akiona amedharauliwa ataenda kwingine."

"Nitawasalimia mimi, kwa mikono miwili. Hakuna atakayedharauliwa." Kisha nikamalizia, kwa sababu ilibidi. "Na wewe pia, Daktari. Wewe ndiye wa kwanza kila asubuhi."

Alikuwa mtu msomi, na nadhani alielewa kabla sijamaliza kwamba katika zile ishirini na mbili, mkono wake ulikuwamo. Asubuhi iliyofuata alipita mbele ya chumba cha nyuma akiwa ameutia mkono wa kulia katika mfuko wa koti, akasema habari bila kusimama.

Wakulima walichukua muda kidogo.

"Kwani kijana amekuwa bibi arusi, haonekani?" aliuliza mzee mmoja mwenye kofia ya sufu.

"Ana kazi ya mkono, Mzee. Salamu zake nipatie mimi."

"Nikikupatia utamfikishia?"

"Nitamfikishia kwa mdomo. Mkono unabaki na mimi."

"Basi shika yote," alisema, akanitikisa mpaka bega. Mwingine alisema nimeolewa na huyo kijana na sasa namfungia ndani. Nikamwambia asubiri kadi ya mchango wa harusi. Walicheka, wakazoea. Siku ya kwanza tyubu tatu zilitoka na mistari. Siku ya pili mbili zilitoka, moja ikawa ukungu, na mpaka leo hatujui kwa nini. Hiyo ilikuwa ya ng'ombe mwenye pembe moja. Kijana aliandika, akageuza ukurasa.

Siku ya tatu akaja Shosho.

Alikuwa na mtungi wa maziwa na kitambaa cha kichwa cha rangi ya kahawia. Nilimpa mikono miwili. Akaipokea, akaiacha, akaendelea kutazama mlango nyuma yangu.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

"Yuko kazini, Shosho. Leo hasalimii kwa mkono. Nitamwambia umekuja."

"Huyo amekunywa chai kwangu siku nyingi kuliko watoto wangu wa kuzaa. Tumekamua na yeye kukiwa na umande. Leo nimekuja kwake ananionyesha mlango?"

"Si yeye, Shosho, ni mimi."

"Wewe nani?"

Ndani nilisikia stuli ikisukumwa. Nilijua ni tyubu gani iliyokuwa wazi juu ya barafu, ng'ombe mweusi, asubuhi mbili kabla ya maziwa yake kuharibika. Nikasema kwa sauti, "Keti, Profesa." Mlango ukafunguka. Alikuwa amesimama hapo, mikono yake yenye glavu ameiinua mbele ya kifua, na nilikuwa katikati yao nimetanua viwiko kama mtu anayezuia kuku.

Shosho akanyoosha mkono juu ya bega langu.

Mkono huo ulikaa hewani. Nilikuwa naona mikunjo yake na ufa wa kidole gumba. Nyuma yangu nilisikia kijana anapumua.

"Shosho, siwezi," alisema.

"Huwezi nini?"

"Kukushika. Nikikushika nitampoteza yule mweusi."

"Mweusi nilimchinja."

"Yuko ndani hapa. Maziwa yake ya ile asubuhi. Kuna ujumbe ndani, na ngozi ya mtu ikigusa, unakatika."

"Mkono wangu nimenawa," alisema Shosho, na sasa sauti ilikuwa ya mtu aliyeumia.

"Hata ungechemshwa, Shosho," nikasema mimi.

Alinigeukia. "Unataka kunichemsha mkono?"

"Hapana. Nasema wa kwangu pia unakata. Wa Daktari unakata. Hakuna mkono safi hapa."

Alishusha mkono pole pole, akaushika kwa ule mwingine. "Huyo mweusi alikuwa anasema nini?" aliuliza.

"Sijui bado," kijana alisema. "Sijawahi kumsikia. Leo ndiyo nilikuwa naanza."

"Basi rudi uketi. Mimi nilileta maziwa, sikuja kushikwa." Akauacha mtungi juu ya meza ya ofisi, akatoka bila kumuaga mtu. Sikumlaumu. Nilipomtazama kutoka dirishani alikuwa anavuka barabara akiwa bado ameshika mkono wake.

Kijana alikuwa amesimama pale pale, machozi yamejaa. Alitaka kumfuata. Nilimwambia akimfuata atarudi na tyubu imeshapata joto, na Shosho atakuwa ameudhiwa bure. Akavua glavu, akanawa uso, akavaa nyingine. Hakuzivuta juu. Zilipoteleza aliziacha ziteleze, au aliniita nimvutie mimi kwa kibano tulichokitoa kwenye oveni.

Mweusi alitoka na mistari miwili. Tyubu nyingine mbili za siku hiyo pia. Kijana aliitazama jeli, kisha akauliza ni saa ngapi, kwa sababu kesho zilibaki tatu na ilibidi oveni iwashwe.

Tulipomaliza, kumi na moja katika kumi na mbili zilikuwa nzima. Msimamizi wake alitumiwa picha, akajibu kwa neno moja, kwamba aendelee.

Kuendelea kwenyewe kulinishangaza. Nilidhani sasa atausoma ujumbe. Kumbe kwanza alitakiwa kuugeuza. Kuna kimeng'enya kingine kinachotembea kinyumenyume, kinasoma RNA na kuandika DNA. Ukishaandikwa hivyo, ujumbe unakuwa kitu kigumu, kinaweza kukaa miaka kwenye friza, na kile kimeng'enya cha ngozi hakiwezi kuukata. Vipande vilivyokatwa na seli haviko tena, vya maana vimeshaungwa, kwa hivyo ile DNA mpya ni fupi kuliko ile iliyofungwa kwenye kiini. Ni DNA ya asubuhi moja tu, ya kiwele kimoja, ikionyesha kilichokuwa kikifanywa siku hiyo na si kingine.

Aliifanya kazi hiyo kwa saa nne bila kusimama. Nilikaa mlangoni mpaka mwisho, ingawa wakulima walikuwa wameshaenda. Alipofunga kifuniko cha ya mwisho aliandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito, akaniita.

"Hizi sasa unaweza kushika," alisema. "Hazikatwi."

"Una hakika?"

"Kabisa."

Nilivaa glavu, nikazipeleka kwenye friza.